Na ya Kutoa

Mtu akikuomba pesa kwa simu huku Gusii, ombi lake lina mwili na mkia. Mwili ni kiasi anachotaka: elfu moja ya unga, mia tano ya dawa ya ng'ombe, mia mbili ya nauli kutoka Keroka. Mkia ni maneno matatu, na hautoki mpaka uwe umeshakubali, moyo umelainika na simu iko karibu kukatwa: "na ya kutoa." Ukituma mwili ukaacha mkia, hujatuma msaada. Umetuma tusi, na litatajwa siku moja kwenye mazishi ya mtu mwingine kabisa.

Mgeni anaweza kudhani ni uchoyo. Si uchoyo, ni hesabu. Karatasi ya ada imebandikwa kwenye kila kibanda cha M-Pesa kuanzia Suneka hadi Nyansiongo, na watu wetu wameikariri sawasawa na Amri Kumi, nasi ni watu wa Sabato, Amri Kumi tunazijua. Kutuma kati ya shilingi 501 na 1,000 ni shilingi 13. Kutoa chochote kati ya 101 na 2,500 ni shilingi 29. Maana yake ni kwamba anayetoa 150 za sabuni na anayetoa 2,500 za mbolea wanakatwa sawa. Nyanya yangu hakuketi darasani hata siku moja, lakini jambo hilo aliligundua kabla yetu sote, na tangu hapo hapendi kutumiwa pesa ndogo ndogo. "Mia mbili ikifika huku huwa imechoka," husema.

Halafu kuna mtego ambao huwanasa wenye adabu peke yao. Ukitaka kumtumia mtu elfu moja na ya kutoa, unaandika 1,029. Lakini ukishavuka 1,000, ada ya kutuma nayo inaruka kutoka 13 hadi 23. Kwa hiyo adabu ya shilingi 29 inakugharimu shilingi 39. Hizo kumi za juu hazimfikii mpokeaji wala hazikurudii. Mimi nazihesabu kuwa bei ya kuitwa mtoto aliyelelewa vizuri.

Tuliwahi kupumua kidogo. Machi 2020, corona ilipoingia nchini, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa ili watu wapunguze kupokezana noti, na ikabaki hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Waliopanga walifikiria virusi, hawakutufikiria sisi wenye jamaa. Kile kisingizio kizuri cha "elfu ninayo, ila ya kutuma sina" kilikufa siku hiyo hiyo, na simu zikaanza kulia kabla ya chai ya asubuhi. Ada ya kutoa haikuguswa. Mkia ulibaki palepale.

Basi paa la nyumba ya nyanya likaanza kuvuja, kule Nyamira, na kwetu mvua ya alasiri ni kama karani wa serikali ya zamani: inaripoti kila siku hata kama haina kazi. Kikundi cha WhatsApp kikaundwa, kikaitwa "Paa la Magokoro", yaani la nyanya. Baba mdogo akateuliwa mweka hazina kwa sababu mbili: ni shemasi, na ndiye aliyekiunda kikundi. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa mfupi. "Wapendwa, ni elfu moja kila mmoja, na ya kutoa. Mbarikiwe." Watu ishirini na watatu walitii. Kwa viwango vya ukoo wetu huo ni muujiza, nami nilidhani habari imeishia hapo.

Nilimsahau shangazi. Shangazi ana majani chai upande wa Kebirigo, na mtu aliyezoea kusimama kwenye kituo cha majani, macho kwenye mizani wakati karani anapokata uzito wa gunia, hapitwi na shilingi. Jumapili moja alikuja kwa nyanya na risiti ya majani, mgongoni imejaa tarakimu za penseli. Tulikuwa tumeketi sebuleni, sufuria ya kukinga maji iko katikati ya meza, mahali ambapo familia nyingine huweka maua. Shangazi aliisogeza kando na kuitandaza risiti yake.

"Ndugu yangu, ishirini na tisa mara ishirini na tatu ni ngapi?"

Baba mdogo alijibu kwamba kila mtu ana karama yake, na hesabu si yake.

"Ni mia sita sitini na saba. Sasa, kutoa elfu ishirini na tatu kwa mkupuo mmoja ni mia moja tisini na saba. Nimeuliza kibandani, na karatasi nimeisoma mwenyewe. Toa hiyo. Mia nne na sabini ziko wapi?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Ada ya kutoa haipandi pamoja na pesa, inapanda kwa ngazi: ukitoa kati ya 20,001 na 35,000, ni 197 tu. Sisi wote tulikuwa tumelipa kana kwamba kila elfu itatolewa peke yake, mtu apange foleni mara ishirini na tatu, aonyeshe kitambulisho mara ishirini na tatu. Tena katika kulipa, kila mmoja alikuwa ametupa zile shilingi kumi za adabu, jumla 230, ambazo hata baba mdogo hakuzionja.

Baba mdogo alivua kofia. Alisema zile 470 ni soda ya kamati. Shangazi akamkumbusha kwamba kamati ni yeye na mwenyekiti, na mwenyekiti yuko Mombasa. Baba mdogo akasema kwamba ilikuwa siku ya soko, ejenti hakuwa na keshi, ikabidi atoe kidogo kidogo kwenye vibanda tofauti. Hapo watu walianza kumwonea huruma. Ukienda kutoa pesa siku ya soko, kusikia "keshi imeisha" ni jambo la kawaida, na kila mtu pale sebuleni alikuwa na kisa chake. Nilidhani ameponea.

Kumbe fundi alikuwepo. Alikuwa ameingia kuuliza habari ya salio lake, na katika kutafuta karatasi yake alitoa mfukoni risiti ya duka la vifaa vya ujenzi, akaiweka mezani bila nia mbaya yoyote. Mabati yote, misumari yote, vilikuwa vimelipiwa kwa Till. Anayenunua kwa Till hakatwi hata senti. Anayekatwa ni mwenye duka. Yaani zile elfu ishirini na tatu hazikuwahi kutolewa. Zilitoka kwenye simu ya baba mdogo zikaingia dukani moja kwa moja, na 667 zikabaki zimekaa.

Nyanya, ambaye husikia nusu ya mazungumzo na kuelewa yote, aliuliza: "Kwa hiyo zimetoka au hazijatoka?"

"Mama," baba mdogo alisema kwa upole wa shemasi, "mimi niliomba ya kutoa. Sikusema nitatoa."

Nimesikia watu wakijitetea mbele ya chifu kwa hoja dhaifu kuliko hiyo, wakaachiliwa.

Mjadala ulihamia WhatsApp usiku huo na kumfikia binamu yetu wa Birmingham. Yeye anafanya kazi ya kutunza wazee huko Uingereza, na katika ujenzi huu alikuwa ametoa pesa za mbao. Alituma ujumbe wa sauti mrefu. Alitaka kujua ya kutoa ni kitu gani hasa, maana ameishi huko muda mrefu na mambo yamemtoka. Kwao, alisema, kumtumia mtu pesa kutoka akaunti moja kwenda nyingine ni bure. Mashine nyingi za kutolea pesa ni bure vilevile, na ile inayotoza watu huikwepa wakatafuta nyingine. Tena benki ikitaka wateja inakulipa wewe ili uhame! Tangu 2013 kuna utaratibu maalumu: unasaini, na kwa siku saba za kazi akaunti yako yote inahamishwa, mshahara na malipo yako vinafuata, na benki mpya mara nyingine inakupa pauni 150 au zaidi kwa kukubali kuja.

Kikundi kilinyamaza. Shangazi ndiye aliyejibu wa kwanza: "Na ukishalipwa, inakatazwa kuhama tena?"

Binamu alikiri kwamba wapo wanaofanya hivyo hasa, wanahama benki moja hadi nyingine wakichuma. Nadhani huo ndio wakati ambapo shangazi alianza kuiheshimu Uingereza.

Lakini binamu hakujua mahali pa kukomea. Akaingia kwenye umeme. Alitushauri tulinganishe bei za kampuni za stima na kuchagua iliyo nafuu, kama wafanyavyo wao, ambako tangu Januari 2019 mdhibiti wa serikali, Ofgem, huweka hata kiwango ambacho kampuni haziruhusiwi kukivuka. Ushauri ni mzuri, ila huku anayetuuzia stima ni Kenya Power, na baada ya Kenya Power ni Kenya Power. Unanunua tokeni, unabonyeza tarakimu ishirini kwenye mita, unaomba. Nyanya aliposimuliwa ushauri huo alisema tumjibu binamu asiwe na wasiwasi, sisi nasi tuna mbili za kuchagua: stima na koroboi.

Sikumcheka sana binamu, kwa sababu wiki hiyo hiyo aliniandikia faraghani. Aliuliza kama kikundi kinaweza kumrudishia kidogo katika zile pesa za mbao. Kodi ya nyumba, kodi ya baraza la mji na bili ya gesi zilikuwa zimejikata zenyewe benki siku moja, na mwezi ulikuwa bado mrefu. Kumbe huko pesa hutumwa bure, hutolewa bure, na huondoka bila kuaga.

Kujikata kwa pesa sisi tunakufahamu. Tuna Fuliza tangu Januari 2019: salio likipungua unapolipa, simu inakujazia, na shilingi yoyote ikiingia baadaye, deni linajilipa kwanza. Ni msaada mkubwa ukijua kwamba unao. Shangazi hakujua kwamba anao. Mwanawe wa mwisho alikuwa akiiazima simu yake, ile kabambe ya vibonye, eti apige simu moja, na kumbe ananunulia laini yake bando za kutazama mpira. Siku niliyomtumia shangazi 300 za unga, na ya kutoa, mtoto mzuri mimi, alisoma ujumbe wa kwanza ukamtosha: umepokea. Ujumbe wa pili, ule unaosema pesa hiyo imelipa deni, hakuufungua. Alivaa gambuti akatelemka hadi kibandani, akatoa kitambulisho, na msichana wa pale akamwambia kwa heshima, "Mama, hapa hakuna kitu."

Simu yangu ililia mara moja. "Mwanangu," alisema, naye ni mtu asiyepaza sauti, "umenitumia pesa iliyotoboka."

Nilituma nyingine, kwa namba ya mwenye duka la unga safari hii. Kijana akaitwa, akahojiwa, na tangu siku hiyo simu ya shangazi hulala chini ya mto.

Ndipo ukaja mkutano wa kumchagua mweka hazina mpya. Nyumba sasa ilikuwa haivuji, sufuria imerudi jikoni, na nyanya alikuwa ameanza kusema kwamba maji ya paa jipya yanamwagika bure, kinachotakiwa ni tangi. Jina la shangazi lilipendekezwa na watu wanne kwa pamoja. Baba mdogo mwenyewe aliliunga mkono, akitazama dirishani. Tulikuwa karibu kupiga makofi, shangazi akainua mkono.

"Laini yangu bado inadaiwa," alisema. "Mkinitumia huko, tangi litanywewa na deni kabla halijapata maji. Tafuteni mwenye laini safi."

Sasa ikawa zamu ya kila mmoja kuulizwa. Sijawahi kuona sebule ile ikiwa na watu wanaozichunguza simu zao kwa unyenyekevu kiasi kile. Mwalimu wetu alikuwa na deni. Mwenye boda alikuwa na deni, na mkopo mwingine wa Hasla, ule wa serikali, juu yake. Mimi nilikuwa na deni, na sitaeleza. Mwenyekiti alipigiwa Mombasa, akasema mtandao ni mbaya.

Aliyebaki ni baba mdogo. Yeye alikuwa amelipa lake lote, karibu na wakati ule wa mabati, na hapakuwa na aliyetaka kuuliza kwa pesa gani. Alirudishwa bila kupingwa. Mchango wa tangi unaanza Oktoba, bonasi ya majani ikishaingia, na kwa kuwa bonasi ya huku kwetu magharibi ya Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, kiwango ni shilingi 500 kila mmoja, na ya kutoa. Namba ni ile ile.