Mama Mkwe, Majambazi na Saidi Mira ya Kushoto

Kuna filamu ambazo mtu mwenye heshima zake hazitazami na mama mkwe, na Nairobi Half Life iko juu kabisa katika orodha hiyo. Ina matusi ya lugha tatu, ina danguro, ina damu, na ina choo ambacho nitakisimulia baadaye kwa wale ambao wameshakula.

Ilipotoka mwaka 2012 nilikuwa kapera, sina gari wala mkwe. Niliitazama nikatoka nimenyanyua mabega, nikashuka Tom Mboya kwa mwendo wa Oti, yule kiongozi wa genge la Gaza, huku nimeshika simu yangu kwa mikono miwili mfukoni, maana mwendo wa jambazi haumzuii mtu kuibiwa. Sote tuliisifu. David "Tosh" Gitonga ndiyo kwanza alikuwa anaongoza filamu yake, Mjerumani Tom Tykwer alikuwa miongoni mwa watayarishaji, na Joseph Wairimu, aliyeigiza Mwas, alirudi kutoka tamasha la Durban na tuzo ya mwigizaji bora. Kenya ikaipeleka Oscar, ikawa filamu yetu ya kwanza kupelekwa huko. Haikuingia fainali, lakini mtaani tulizungumza kana kwamba imeshinda na wazungu wamekataa kutangaza.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa saba, mama mkwe akiwa kwetu Uthiru kwa ajili ya goti lake na kliniki yake, kijana wangu akaiweka kwenye televisheni. Alisema mwalimu amewaagiza watazame filamu ya Kenya waandike muhtasari. Tangu huu mtaala mpya uingie, mtoto akisema mwalimu ameagiza, mzazi hana rufaa. Nilikuwa jikoni. Niliposikia ile sauti ya mjini na tusi la kwanza, nilikuja mbio nikaichukua rimoti. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kama tufanyavyo sote tukiamini rimoti inahitaji kutiwa adabu. Kumbe betri zilikuwa zimehamia kwenye saa ya ukutani, kwa sababu mama mkwe hawezi kulala katika nyumba ambayo saa imesimama.

"Mwanangu, unatukinga," akasema. "Keti."

Nikaketi. Ungefanya nini?

Kwa wasioijua: Mwas ni kijana wa mashambani anayeuza filamu za mapigano kutoka ng'ambo na kuwaigizia wateja vipande vyake ili wanunue. Anataka kuwa mwigizaji. Anakuja Nairobi, anaporwa mara tu anaposhuka, na kabla hajajua mjini wanakula wapi ameshatupwa korokoroni. Huko ndiko anakoamrishwa asafishe choo ambacho sidhani kimewahi kuonana na maji. Sisi tulikuwa mezani na githeri yetu. Mke wangu akaweka kijiko chini. Kijana akafumba macho. Mama mkwe aliendelea kutafuna taratibu, akamtazama Mwas akikwangua ile sakafu, kisha akatoa hukumu: "Huyu anajua kupiga deki kuliko wanaume wengi ninaowajua." Hakutaja jina. Katika chumba kile mwanaume mtu mzima alikuwa mmoja.

Nikiitazama mara ya pili niliona mambo ambayo ujana ulinificha. Ni filamu iliyotiwa chumvi kwa koleo. Mikosi imempangia Mwas foleni kama abiria wa Kangemi siku ya mvua. Mmoja akishuka mwingine keshapanda. Halafu kuna ule mpango wa kuwa anafanya mazoezi ya kuigiza mwizi jukwaani mchana, na usiku anaiba kweli. Hapo waandishi walishika kalamu kwa mikono miwili, wakihofia tusije tukakosa kuelewa. Tulielewa. Polisi nao ni wabaya bila hata nafasi ya kupumua: wanakula na majambazi, kisha wanawala majambazi. Siku hizi tamthilia zimejifunza kuchanganya rangi kidogo. Crime and Justice, iliyoanza kuonyeshwa Showmax Februari 2021, inawapa wapelelezi wake, Makena wa Sarah Hassan na Silas wa Alfred Munyua, kasoro za kutosha kiasi kwamba hujui uwaombee au uwashtaki. Hata hivyo, kwa giza na kelele, Half Life bado ni baba yao.

Kijana wangu alipofika katikati aliacha kuandika. "Baba, hapa stelingi ni nani?"

Swali zuri, na lilinikwama. Sisi tuliolelewa kwenye mabanda ya video, na baadaye kwa sauti ya DJ Afro akitutafsiria Wachina na Wamarekani mpaka wakasikika kama watu wa Dagoretti, tulikuwa na sheria moja tu: stelingi hafi. Adui ana masharubu au kovu, stelingi ana mchumba, mambo yanaeleweka. Mwas mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa sheria hiyo kule kijijini kwao. Sasa hapa kila unayemwonea huruma ana bisibisi ya mtu mwingine mfukoni.

Mama mkwe hakuwa na shida hiyo. Yeye ni mtu wa Vioja Mahakamani, ile ya KBC, na kwake mhalifu ni Ondiek Nyuka Kwota: anafikishwa kizimbani, anatoa utetezi wa ajabu, anahukumiwa, na wiki ijayo yuko pale pale na kesi mpya, mzima wa afya. Kwa hiyo genge la Gaza lilipoanza kupoteza watu alikasirika sana. "Mbona hawapelekwi kortini?" aliuliza. Alikuwa upande wa vijana moja kwa moja, kwa hoja kwamba ni wembamba mno na hakuna anayewapikia. Oti hasa alimpenda. Nikamwambia kwamba Maina Olwenya, aliyemwigiza, alifariki mwaka 2022. Akanyamaza, akatikisa kichwa, akasema angalau yeye asingepigwa risasi tena.

Mimi nilikuwa upande wa magari.

Hapo ndipo umri unapojionyesha. Genge lile linaanza kwa kuiba vipuri. Mara ya kwanza nilicheka na sinema nzima ilicheka. Vijana wana mikono myepesi, wanafungua taa na vioo, wanakimbia, na wenye magari wanabaki wamepanua midomo. Mara hii kila nati iliyofunguliwa niliisikia kwenye mbavu. Nilijua bei. Nilitaka polisi waje, hata wale wabaya.

Nilikuwa na sababu. Wiki chache kabla, nikiwa nimekwama kwenye foleni pale mzunguko wa Globe na mvua ikinyesha, kioo cha saidi mira yangu ya kushoto kiliondoka. Nasema kiliondoka kwa sababu sikuona mtu. Niliona kiganja, nikasikia kitu kama mtu anayevunja biskuti, kisha nikawa natazama plastiki nyeusi badala ya pikipiki zinazokuja. Wenzangu wenye magari wanajua kwamba kutoka Globe hadi maduka ya spea ya Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kioo hakihitaji hata nauli.

Sikwenda mwenyewe. Fundi wangu wa huku Uthiru alinikataza: "Mzee, wewe ukienda Grogan na hiyo shati utauziwa bei ya mbunge." Alichukua pesa, akapanda matatu, na kabla chai yangu haijapoa sana akawa amerudi na kioo kimefungwa kwenye gazeti. Safi kabisa. Ex-Japan, akaapa, imetoka melini juzi. Akakibandika, nikaondoka nikijiona mtu kamili.

Sasa, mwezi wa saba Uthiru ni baridi ya kuuma masikio, na vioo vya gari hulala na ukungu. Asubuhi ya Jumatatu, siku moja baada ya ile sinema yetu, nilitoka kuwasha gari nikakiona kile kioo cha kushoto kimefifia chote isipokuwa kwenye kona ya chini. Pale ukungu ulikuwa umekataa kushika mahali fulani, na mahali pale palikuwa na umbo. Nikainama nikapuliza pumzi ya moto. Herufi zikajitokeza moja moja: K, B, K, na tarakimu ambazo mtu alikuwa amezisugua kwa bidii lakini si kwa bidii ya kutosha.

Nikampigia fundi.

"Hiyo ex-Japan yako ina namba ya Kenya."

Kimya kidogo. "Mzee, Wajapani siku hizi wako mbele sana."

Nilisimama pale na ukungu wangu. Mwenzangu mwenye KBK alilipa mtu achore namba ile ili isiibwe, akaibiwa, na sasa ni mimi ninayemtumia jicho lake kutazamia Waiyaki Way. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayeshika mali ya wizi, akijua au akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Hadi alfajiri ile nilikuwa sijui. Pumzi yangu mwenyewe ndiyo iliyoniingiza kwenye kifungu.

Nikasema naenda kituoni kuripoti. Mke wangu akauliza swali moja tu: mtu akiingia kituoni na kioo cha wizi mkononi, ni jina la nani litakaloandikwa kwenye kitabu cha OB? Mama mkwe, kutoka mlangoni akiwa na leso mabegani, aliuliza kama huko ndani kuna vyoo.

Mpaka leo naendesha nacho. Nikipita mjini naegesha upande wa kushoto ukielekea ukuta, na mvua ikinyesha nakipangusa haraka.

Kwa hiyo, mwenye gari la KBK uliyepoteza kioo cha saidi mira ya kushoto, kama unasoma hapa: kipo, hakina ufa, na kinaoshwa kila Jumamosi. Njoo Uthiru ukichukue. Ila tafadhali usije na polisi, na kama unajua aliye na changu, njoo nacho.