Mimi na Tawi Langu: Hotuba kwa Wauguzi wa Ifakara

Wafanyakazi hoyee! Mmeitikia kinyonge, lakini sishangai. Nyinyi mmetoka zamu ya usiku, mimi nimetoka semina Morogoro, wote tumechoka. Mkutano ulipangwa saa tatu na sasa inakaribia saa sita. Kumbukeni, kiongozi hachelewi. Kiongozi husubiriwa.

Mada yangu ni namna ya kushiriki katika tawi la chama cha wafanyakazi. Nimejipa mwenyewe mada hii kwa sababu katika bonde zima la Kilombero, toka Kidatu mpaka Mlimba, sijamwona mwingine anayeiweza, na kusema kweli sijamtafuta. Wapo wanaonong'ona kwamba mwenyekiti si muuguzi, ni karani wa masijala. Ni kweli kabisa. Ndiyo maana sina upendeleo.

Nianze na historia, yaani nianze na mimi. Rudolf Geigy, yule Mswisi, alipofungua maabara yake hapa Ifakara mwaka 1957, mimi nilikuwa sijazaliwa, na naamini pengo hilo alilihisi. Maabara ile ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara, na dunia nzima inaijua kwa utafiti wa malaria na vyandarua. Basi watafiti walipopita mtaani kwetu kunasa mbu, nyumba yangu ikaongoza. Walistaajabu! Nikawaambia sayansi inataka watu wa kujitolea. Chandarua changu nimezungushia kitalu cha mchicha, kwa sababu ya kuku. Sista wa mstari wa mbele, usicheke, andika.

Mzee Rashidi Kawawa mnamjua? Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Njia yake na yangu zinafanana mno. Yeye kabla ya siasa aliigiza filamu, mimi kila nikisimama kwenye baraza la wafanyakazi nasikia watu wakisema, "Huyu naye anaigiza." Sifa kama hizo huwezi kuzinunua.

Nina kikaratasi hapa. Muuguzi anauliza kuhusu madaraja. Swali zuri sana! Daraja la Mto Kilombero lina urefu wa mita 384, na lilifunguliwa na Rais Magufuli mwezi Mei 2018. Kabla ya hapo tulivuka kwa kivuko kwenda Lupiro na Mahenge. Mgonjwa wa rufaa analetwa usiku, anakaa ukingoni kusubiri, na muuguzi aliyemsindikiza kashika dripu kwa mkono. Januari 2016 kivuko kikapinduka. Mimi ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa waliosema pale panafaa daraja. Nilisema kimoyomoyo, maana sikutaka kuwaingilia wahandisi. Naona muulizaji anatikisa kichwa. Kumbe anauliza daraja la mshahara, kwamba yeye na wenzake hawajapandishwa na malimbikizo hawajayaona? Aa. Hilo litakuwa ajenda ya mkutano ujao. Mkutano uliopita, mnakumbuka, niliuahirisha kwa sababu ya mafuriko. Ndiyo, ilikuwa Septemba. Mafuriko hayana adabu, sista.

Sasa sheria. Kuna binti wa wodi ya wazazi kaja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Sipendi kalamu nyekundu. Anasema mahali pa kazi penye wanachama zaidi ya 100 pawe na wawakilishi 15, na wasiopungua watano wawakilishe wanawake. Sisi tunatimiza: wanawake nawawakilisha mimi mwenyewe, na nguvu ninayotumia ni ya watu watano. Anasema pia mwakilishi ana haki ya kupewa muda wa kazi, wenye malipo, kwa ajili ya shughuli za chama. Hicho kifungu nakijua vizuri. Nakitumia kila msimu wa kupanda mpunga.

Akauliza kwa nini anakatwa ilhali hajajaza fomu. Nikamwelimisha kuwa chama chenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi kikitambuliwa, kinaweza kukubaliana na mwajiri kuhusu ada ya uwakala, na hapo hata asiye mwanachama anakatwa. "Kwa hiyo nalipia, ila sipigi kura?" Ndiyo. "Na nikijiunga?" Utapiga kura. Hapo alitabasamu kwa namna ambayo sikuipenda, na kesho yake wakajiunga yeye na wodi nzima.

Tena akadai nimechanganya TANNA na chama cha wafanyakazi. Eti TANNA ni cha kitaaluma, kinalinda uuguzi wenyewe, na kwamba mambo ya mishahara na nidhamu kazini ni ya vyama kama TUGHE na TALGWU. Binti, mimi nina kofia za vyote vitatu. Nichanganye vipi?

Hata mgomo nimewahi kuongoza. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma toka Juni hadi Novemba, nami nikaona haifai Ifakara ibaki nyuma. Nikasimama hapa hapa saa nne kamili, nikatangaza. Saa nne na dakika kumi nikaonyeshwa sheria ile ile: huduma za afya zimo katika orodha ya huduma muhimu, na kwa kawaida watu wake hawaruhusiwi kugoma, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nikaufuta. Sidhani Afrika Mashariki imeshuhudia mgomo mwingine wenye nidhamu kiasi kile.

Hiyo Tume naiheshimu. Muuguzi mmoja wa zahanati binafsi alifukuzwa kazi, akanipigia simu. Nikamwambia asifanye lolote mpaka nirudi semina. Nilirudi baada ya wiki sita, nimeiva kisheria, nikamweleza kwa ufasaha kwamba aliyefukuzwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake. Alilia, masikini. Elimu huwagusa watu. Sasa hivi anauza mchele kule stendi na hunisalimia kwa heshima, ingawa kwa mbali.

Mnauliza chama kimewafanyia nini. Fulana za Mei Mosi mlivaa nini, majani? Zilikuwa za saizi moja kwa sababu ya usawa.

Nimalizie, gari la Dodoma linaningoja. Karatasi ya mahudhurio ilipokuwa inazunguka niliidaka mapema nikasaini wa kwanza, maana posho huanzia juu. Sikuisoma yote, miwani nimeisahau Morogoro, ila nimeona jina langu kwa herufi kubwa kwenye kichwa, na chini yake "mkutano wa dharura". Nimefarijika sana kuona mnaanza kupanga mambo wenyewe. Nani mwenye kalamu? Metroni bado hajasaini, na huyu binti wa kalamu nyekundu anasema zimebaki sahihi mbili tu.