Santuri Iliyopigwa Jua

Mjomba wangu aliporudi kutoka masomoni London, katikati ya miaka ya 1970, alishuka na koti zito ambalo Tanga halikumfaa hata siku moja, na kasha la santuri. Koti lililiwa na nondo. Santuri alizitunza kwenye kabati la mvule, zimesimama wima kama vitabu, hadi mwaka juzi aliponiita. "Mpwa wangu," akasema, "macho yangu hayaoni tena pa kuweka sindano. Zichukue."

Katika kasha zima mimi niliililia moja: Tales from Topographic Oceans ya bendi ya Kiingereza iitwayo Yes, iliyotoka Desemba 1973. Utotoni nilikuwa nalala kifudifudi kwenye sakafu ya mjomba, jalada lake nimelifungua mbele yangu. Mchoraji ni Roger Dean. Samaki wanaogelea juu ya nchi kavu, nyota zinawaka, na kwa mbali limesimama hekalu la Wamaya la Chichen Itza, jua likichungulia nyuma yake. Ndani mna santuri mbili, na kila upande una wimbo mmoja tu. Pande nne, nyimbo nne, dakika themanini na ushei.

Siku ya safari ya kurudi kwangu Magomeni nilizifunga santuri nyingine kwa kanga nikazilaza kwenye buti la basi, chini ya mizigo. Hii niliiona ya thamani mno kwenda huko. Niliipakata dirishani. Ilikuwa Februari, na kutoka Segera hadi Chalinze jua la mchana lilikaa upande wangu, likanipiga mimi na kilichokuwa mapajani. Santuri ni plastiki, na plastiki hulainika kwa joto. Zilizokuwa butini zilifika Magomeni salama. Ya mapajani nilipoifungua, santuri ya kwanza ilikuwa nzima, lakini ya pili ukingo wake ulikuwa umebetuka kama chapati inayoanza kujiinua kwenye kikaango.

Sikumwambia mtu. Kesho yake nilikwenda Kariakoo kwa fundi redio mmoja mzee, akanieleza dawa: kioo chini, kioo juu, santuri katikati, joto dogo, kisha iachwe ipoe yenyewe bila kuguswa. Nyumbani kwetu vioo vilivyonyooka na kutosha ukubwa vilikuwa mahali pamoja tu, kwenye kabati la vyombo la mke wangu. Alikuwa kazini. Nikavivua kwenye reli zake, nikaipanga santuri barazani, nikaweka tofali juu, nikaingia ndani kutawadha.

Mwanangu wa kiume ana miaka minane na mpira hauachi. Nilisikia kishindo, kisha ule mlio ambao mwenye nyumba yeyote anaujua. Kioo cha juu kilikuwa vipande, na kimoja kilikuwa kimeichana santuri upande wa tatu, mchano mfupi kama ukucha.

Mke wangu aliporudi alikuta vikombe, chupa za chai na sahani za harusi yetu viko uchi, vumbi limeshaanza kutua. Hakupaza sauti. "Mume wangu," alisema, "kioo kile kimenikingia vumbi miaka kumi na miwili. Leo umekiondoa kikaikinge santuri?" Nilimwomba radhi, nikastahili ukimya wa siku mbili uliofuata. Kioo kipya kilikatwa kifupi kwa nusu inchi, kikarudishwa, kikakatwa kingine. Kwa wiki mbili alifunika vyombo vyake kwa kanga.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, ambaye amekuwa akiishi nasi tangu alipofiwa na mumewe. Kwao Pangani baba yake alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo kwa mkono, na yeye akiwa msichana ndiye aliyekuwa akigeuza santuri. "Ya nini kuipika?" akauliza. "Iweke chini ya sanduku langu. Kanga zangu nzito." Basi tukaiweka kati ya marumaru mbili zilizobaki tulipotengeneza sakafu, na juu yake sanduku la bati lenye kanga za miaka hamsini. Wiki tano.

Katika wiki hizo tano tulikuwa na santuri ya kwanza peke yake, na hapo ndipo nilipoijua albamu hii. Upande wa kwanza unaanza kwa sauti za chini za wanaume wakiimba maneno kwa mfululizo, zikipanda taratibu, wengine wakijiunga, mpaka vinanda na gitaa vinafunguka kwa pamoja. Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Mikono ikasimama. "Wanavuta zikri?" akaniuliza. Sikujua jibu lililo zuri kuliko swali lake. Mwimbaji, Jon Anderson, alipata wazo la kazi hii Tokyo mwaka 1973, aliposoma tanbihi katika kitabu cha Paramahansa Yogananda inayoeleza maandiko matakatifu ya Kihindi yaliyogawanyika mafungu manne. Kwa hiyo pande nne. Yeye na mpiga gitaa Steve Howe walitunga msingi wa kazi nzima usiku kwa usiku, hotelini, wakiwa ziarani.

Upande ulipokwisha nilinyanyuka niigeuze. Mama mkwe akanizuia. "Usiimalize yote leo. Kesho tutasikiliza nini?" Akaongeza kwamba Umm Kulthum akiimba redioni, wimbo mmoja ulichukua usiku, na watu waliukalia.

Nimesoma lawama nyingi juu ya albamu hii, na nyingi ni za urefu. Hata mpiga vinanda wake, Rick Wakeman, aliona kwamba muziki umevutwa ili ujaze santuri mbili. Alichoka kiasi kwamba katika onyesho moja Manchester alikula mchuzi wa bizari jukwaani huku wenzake wakipiga, na mwaka 1974 akajitoa. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Nadhani anayeilaumu ameisikiliza kwa kikao kimoja. Santuri ina mwisho kila baada ya dakika ishirini. Sindano hufika katikati, mkono unainuka, na nyumba inakuwa kimya. Ukimya ule umo ndani ya kazi. Leo katika simu pande zote nne zinapita kama reli moja bila kituo, na msikilizaji anachoka kwa haki.

Tangu siku ile, nyumbani kwetu ni upande mmoja kwa jioni moja. Kuna taratibu. Hakuna kukimbia sebuleni, maana sindano huruka. Umeme ukikatika, na hukatika, naikamata sahani kabla sauti hazijazama na kuwa za zimwi, nainua mkono, na tunaanza upya kesho.

Wiki ya sita tulitoa santuri ya pili. Haikunyooka kabisa. Sindano bado inapanda na kushuka ukingoni kama dau linalovuka mkondo, na noti ndefu za kinanda zinayumba kidogo. Nilipoiweka nikasoma kwa makini majina yaliyo kwenye karatasi ya katikati. Upande wa tatu jina lake lataja majitu chini ya jua, na ndani yake Anderson anayataja majina ya jua kwa lugha nyingi. Upande wa nne una jina la Kifaransa lenye maana kwamba sisi ni wa jua. Niliinamisha kichwa. Santuri yote ile ni ya jua, nami ndiye niliyeianika dirishani.

Upande wa nne ni wa mwanangu. Katikati yake wapiga ala wanaacha vyombo vyao na kujiunga na Alan White kwenye ngoma, na mtoto huleta sufuria.

Upande wa tatu ndio wenye mchano. Mahali pale sindano inarudia duara lile lile, nami sasa naisukuma kwa ncha ya kidole, kidogo tu, isonge mbele. Mara tu baadaye ngoma na magitaa makali yanaisha, na Howe anabaki peke yake na gitaa lisilo na umeme. Usiku wa kwanza tulipofika hapo, mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka mwisho. Akaniambia, "Hapo parudie." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kuhusu muziki ule tangu kioo kivunjike.

Leo ni Jumanne, zamu ya upande wa pili. Mama mkwe keshatandika mkeka.