Nshomile na Maoni Yake

Mhaya humtumii andiko likarudi bila maoni. Ndiyo maana tunaitwa nshomile, yaani wasomi. Mjomba wa Bukoba alitumiwa PDF ya katiba ya chama chetu cha kuzikana, akaipiga mistari ya njano, akaandika maoni arobaini, akaituma Muleba. Kule ikafunguka nyeupe pee, kama sanda. Kumbe programu yake iliyaficha maoni kwenye faili la pembeni, palepale kompyutani kwake! Na PDF ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000, tangu 2008. Maoni yana nafasi yake humohumo ndani. Sasa mjomba haamini programu yoyote mpaka ahifadhi, afungue faili kwa programu nyingine, ayaone maoni yake. Muleba wanaomba ile programu ya zamani irudi.