Kuingia Biharamulo na Nyumba Juu ya Paa

Gari la kulala, lile lenye hema juu ya paa, jiko nyuma na madumu ya maji ubavuni, hufika Biharamulo kwa moja ya njia kuu mbili. Linalotoka Dar es Salaam hupitia Kahama na Nyakanazi, na hufika limechoka. Linalotoka Kigali huvuka Daraja la Rusumo, wilayani Ngara, na hufika limechanganyikiwa. La pili ndilo lenye habari.

Mkanganyiko huanzia mtoni. Rwanda magari hupita kulia, Tanzania kushoto. Daraja la zamani la Rusumo lilikuwa la njia moja, kwa hiyo mtu akiwa juu yake hakuwa na upande wa kukosea. Daraja jipya, lililozinduliwa mwaka 2016, lina njia mbili, na hapo dereva hulazimika kuchagua. Hata hivyo, ajali ya kuchagua vibaya ni nadra darajani penyewe, kwa kuwa malori yaliyotangulia humfundisha kila mtu adabu. Kosa husubiri mbele, kwenye barabara tupu, baada ya dereva kusimama kununua ndizi. Anarudi garini ameshiba, hakuna gari la kumfuata wala la kumkabili, naye anaondoka kwa raha zake upande wa kulia mpaka lori la mafuta limpigie honi ya kumrudisha Tanzania.

Gari lenye usukani wa kushoto lina shida ya ziada: likiwa nyuma ya lori, dereva haoni cha mbele. Anayeona ni abiria wa kulia, ambaye mara nyingi ni mke au mume, na ndiye anayepaswa kusema "pita" au "subiri". Kati ya maneno hayo mawili zimo ndoa ambazo zilikuwa na amani kabisa huko Kigali.

Mpakani kwenyewe huduma ni za pamoja: anayeingia Tanzania hugongewa mihuri ya nchi zote mbili upande wa Tanzania. Mgeni asiyejua husimama upande wa Rwanda, hupanga foleni isiyomhusu, huelekezwa mbele, kisha hurudi nyuma kuuliza kama kweli alielekezwa mbele. Akimaliza, saa yake imechelewa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na juu ya hapo Mswahili huhesabu saa kuanzia alfajiri. Saa nne asubuhi ya Kigali ni saa tano ya Ngara, na simu ya mgeni, ambayo bado imeng'ang'ania mnara wa ng'ambo, haikubali hata moja kati ya hizo.

Kisichobadilika ni lugha ya wenyeji. Kihangaza cha Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na bibi wa upande huu husalimiana na bibi wa upande ule bila mkalimani. Kilichogawanywa hapo ni barabara.

Kilomita chache mbele kuna Benako, ambayo baadhi ya ramani huandika Benaco. Jina hilo limetokana na kampuni ya Kiitalia iliyowahi kujenga barabara huko. Dunia ililijua mwishoni mwa Aprili 1994, wakati watu wapatao 250,000 walipovuka daraja kutoka Rwanda kwa muda wa takriban siku moja, na Benako ikawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Leo msafiri akisimama huona madereva wa malori wanakula wali na maharage, na asipoambiwa hawezi kujua.

Kutoka Rusumo hadi Lusahunga ni kilomita 92, na masomo yake hayamo katika kitabu chochote cha wageni. La kwanza ni majani. Matawi mabichi yaliyotandazwa barabarani kwa nafasi nafasi yana maana kwamba lori limeharibika mbele, pengine kwenye kona, na utingo yuko chini yake. Mgeni hudhani kuna harusi, hupunguza mwendo apige picha, na kwa bahati hiyo hiyo huokoka. La pili ni kibao cha 50. Kijiji huanza pale kibao kilipo, hata kama nyumba ya kwanza bado haionekani, na trafiki mwenye tochi aliye chini ya mwembe anaufahamu mpaka huo vizuri kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Lusahunga ndipo pa kugeuka kwenda Biharamulo. Dereva aliyezoea kuyafuata malori huendelea nayo, hufika Nyakanazi, na huanza kuuliza mji wa kihistoria uko wapi. Huambiwa ameuacha nyuma. Hapo hutolewa ramani ya zamani, ambayo huongeza matata, maana inaonyesha Wilaya ya Biharamulo ikiteremka hadi Ziwa Victoria. Sehemu hiyo ya ziwani ikawa Wilaya ya Chato mwaka 2005, na baadaye ikahamia Mkoa wa Geita. Aliyekuja na nyavu na nguo za kuogelea hubaki nazo.

Halafu kuna mbung'o. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na wadudu hao nao wakapandishwa cheo. Mbung'o huvutwa na kitu kikubwa cheusi au cha buluu kinachotembea, kwa hiyo gari la buluu iliyokoza lenye mzigo juu linawafaa sana. Ukifunga vioo, joto; ukifungua, wanaingia na kuuma juu ya shati. Madereva wenyeji huona hata hivyo mambo yamekuwa mepesi, kwani miaka ya 2000 mabasi katika baadhi ya misitu ya Kagera yalipita kwa msafara, na askari wenye bunduki ndani, kwa kuhofia majambazi.

Mji wenyewe ni mdogo, na kivutio chake kikuu ni boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Vikosi vya Ubelgiji viliingia Biharamulo Juni 1916, na Wabelgiji wakakaa mpaka mwaka 1921, walipowaachia Waingereza eneo hilo na wao wakabaki na Ruanda-Urundi. Wenye gari la usukani wa kushoto wana haki ya kulitafakari jambo hili: Wabelgiji wangeng'ang'ania kidogo, Biharamulo nzima ingeendesha kulia, na ugomvi wa "pita, subiri" usingezuka. Wajerumani walitaka boma ambalo kutoka kwake mgeni ataonekana kabla hajafika. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na bodaboda, tena kwa kasi zaidi.

Jioni hufuata swali la kila mwenyeji: "Mmefikia kwa nani?" Jibu kwamba wamefikia kwao wenyewe, darini mwa gari, halimridhishi mtu. Mgeni ana mwenyeji, au ana gesti. Mwenye nyumba mgongoni ni konokono. Mama mmoja huona ni aibu kwa mtaa mzima na hutoa chumba. Mzee huuliza kama walifukuzwa huko walikotoka. Kiongozi wa mtaa hutaka majina yao, na hapo si mzaha: wilaya hizi ziko jirani na mipaka, na tangu Operesheni Kimbunga ya 2013, iliyowaondoa maelfu ya wahamiaji Kagera na mikoa jirani, mgeni anayelala pasipojulikana huulizwa karatasi zake. Zikikutwa sawa, hupewa ruhusa na mlinzi. Mlinzi hukaa chini ya ngazi ya hema akisikiliza redio hadi usiku wa manane, na hadhira ya watoto huondoka tu ikishathibitisha kwamba Wazungu wanaweza kweli kulala juu ya gari bila kudondoka.

Asubuhi gari haliwaki. Friji ya ndani imekula betri usiku kucha ikipoza maziwa na jibini. Nusu ya mtaa huja kusukuma, mmoja akipiga gia, mmoja akitoa amri, mwingine akieleza kwamba angeulizwa jana angesema. Likiwaka, waliosukuma huwa na safari zao pia, na kukataa haiwezekani. Gari la vitanda viwili na viti vinne hutoka Biharamulo na watu saba, mkungu wa ndizi na kuku wawili, mpaka njia panda ya Lusahunga, na abiria wote wanamwambia dereva ashike kushoto.