Joseph Yupi?

Mdomo uliponza kichwa. Mama mkwe wangu wa Montréal alikuwa anatimiza miaka sabini, wanawe wanabishana kuhusu zawadi, nami mkwe wa kutoka Tanga nikadakia: "Nitamchorea nasaba yake yote, mpaka yule aliyeshuka melini." Niliona ni kazi ya Jumamosi na Jumapili. Kwetu nasaba inakaa kichwani mwa bibi. Akifa, tunaizika naye. Hawa watu wa Québec mapadri wao waliandika kila ubatizo, ndoa na maziko tangu karne ya 17, na tangu 1679 kwa nakala mbili. Nini cha kunishinda?

Kilichonishinda ni Joseph.

Desturi yao ya zamani, mtoto wa kiume akibatizwa ni Joseph, wa kike ni Marie. Linafuata jina la msimamizi, na mwisho kabisa ndipo lije lile analoitiwa chakula. Padri mwenye haraka zake huishia kwenye Joseph, akafunga kitabu. Usiku wa tatu, chai imepoa mezani jikoni, nilikuwa na ndugu watano wa tumbo moja, wote Joseph. Mmoja wao, Joseph Louis, nikamkuta amezikwa na miezi minne. Nikasikitika, nikamwekea msalaba kwa penseli. Kufungua mbele, huyo anaoa! Nusura nimwamshe mke wangu. Kumbe mtoto akifa, anayemfuata hurithishwa jina lilelile.

Hapo sijafika kwenye "dit", yaani almaarufu. Mwaka 1665 mfalme wa Ufaransa alipeleka huko kikosi cha Carignan-Salières, na askari wengi walikuwa na majina yao ya jeshini: Lafleur, ua, Sansoucy, hana wasiwasi, Tranchemontagne, mkata mlima. Ungedhani ni wapiga debe wa stendi. Mamia yao walibaki, wakaoa, na majina yale yakazaa. Wajukuu wa Hudon dit Beaulieu wengine wakajiita Hudon, wengine Beaulieu, bila kumpa taarifa mkwe wa Tanga. Boisvert akivuka kwenda kwenye viwanda vya nguo vya Marekani, anageuka Greenwood. Walionihurumia ni wanawake tu: vitabuni wanabaki na jina la baba hadi kaburini, kama mama zetu wa pwani.

Wiki sita baadaye nikachapisha chati ndefu kama kanga mbili, fremu juu. Siku ya sherehe mama mkwe akavaa miwani, akaanza kupanda na kidole. Mama yake, sawa. Babu yake Joseph, sawa. Kidole kikasimama.

"Rosalie ni nani?"

"Ni mama yake babu yako, Mama."

"Mama yake babu ni Philomène."

Nje theluji, mimi jasho. Parokia moja, mwaka mmoja, walibatizwa Joseph wawili wa jina moja la ukoo, nami nikambeba asiye wetu pamoja na wazazi wake. Shemeji zangu wakaanza kuchunguza keki. Mama mkwe hakusema kitu. Kidole kikapanda ngazi moja zaidi, kikatua kwa mzee mmoja na mkewe.

"Hawa ni wetu," akasema.

Wale Joseph walikuwa watoto wa ndugu wawili! Kosa langu lilipotea njia kwa ngazi mbili tu, likarudi nyumbani lenyewe. Nikachomoa kalamu, nimfute mgeni na wazazi wake, niwaandike wenyewe. Mama mkwe akanishika mkono.

"Philomène mwandike pembeni. Huyu Joseph mwache hapo alipo." Kisha akashusha kidole hadi chini kabisa ya chati, kwenye jina langu. "Na huyu naye si wa damu, mbona tumemweka?"