Mnyama Mlangoni

Nyumba yetu ya Jangwani ni nyumba ya Kiswahili ile ya zamani: mlango wa mbele, ukumbi mrefu ulionyooka, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, halafu uani. Vyumba vitano ni vya wapangaji, kimoja chetu. Mimi tangu nistaafu makazi yangu ni uani, kwenye kiti cha kamba, kati ya jiko la mkaa na kamba za nguo.

Shida ya kuishi uani ni kwamba hodi ya mlangoni lazima ipite kwanza mbele ya wapangaji ndipo inifikie. Mgeni akiita "Hodi!", kila mpangaji anaitikia "Karibu!" kutoka kitandani, akiamini mwenzake ndiye atakayetoka. Mgeni anakaribishwa na watu watano na hapokelewi na hata mmoja. Shemeji yangu wa Mbagala alikaribishwa namna hiyo nusu saa nzima, jua la saa nane likimchoma utosi, mpaka akaondoka zake na kuwatangazia ndugu kwamba ninamkwepa kwa sababu ya deni. Deni lipo. Ila siku ile sikumkwepa.

Tulianza na kengele ya umeme. Lakini huo ulikuwa mwaka 2023, na kuanzia mwezi wa tisa mgao wa umeme ulitushika kooni. Kengele ikawa bubu mchana kutwa, na umeme ukirudi usiku wa manane inalia yenyewe, wimbo mzima wa siku ya kuzaliwa, na nyumba nzima inashtuka usingizini na kusema "Karibu!" Niliing'oa kwa mkono wangu.

Ndipo mpwa wangu anayesoma chuo akasema, "Mjomba, weka kile cha kugongea, kama kwenye filamu za Wazungu. Mgeni anagonga, ngo! ngo! ngo!, unasikia mpaka uani, na hakihitaji umeme." Wazo likanikaa. Mlango wenyewe ulikuwa mpya, wa mninga, kwa sababu ule wa zamani maji ya Mto Msimbazi yaliutafuna miguu mwaka hadi mwaka. Mlango mpya, nikajiambia, unastahili pambo.

Nilikwenda Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na hapo nikagundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yangu yote: sijui kinaitwaje. Nikamwambia kijana wa dukani, "Nataka kile cha mlangoni."

"Kitasa, mzee?"

"Hapana."

"Komeo? Kufuli? Bawaba?"

"Cha kugongea."

Akaingia ndani, akarudi na nyundo.

Nikamweleza kwa vitendo. Nikagonga kaunta kwa ngumi, nikajifanya mgeni, nikajifanya tena mwenyeji. Wateja wakaanza kukusanyika. Mzee mmoja aliyekuwa ananunua misumari akasema kwa upole, kama anayemhurumia mgonjwa, "Bwana, cha kugongea mlango si mkono?" Alikuwa na haki yake. Sisi mlango tunaugonga kwa mdomo. Hata milango ya Mji Mkongwe wa Unguja, iliyochongwa maua na minyororo, yenye misumari ya shaba iliyochongoka kama inasubiri vita, haimpunguzii mgeni kazi: atasimama nje na ataita. Na bibi yangu alitufundisha kwamba hodi ni tatu. Ukiita mara tatu usijibiwe, geuka uende zako bila kununa. Chuma hakijui kuhesabu mpaka tatu, na hakina sauti ya kukuambia ni shemeji au ni mama wa kikoba. Haya yote niliyafikiria baadaye, pesa ikiwa imeshatoka.

Kijana alikipata mwisho, nyuma ya makopo ya rangi, kimoja tu, kimejaa vumbi. Kilikuwa kichwa cha simba cha rangi ya dhahabu, na pete nene mdomoni. "Shaba tupu hii, mzee, siyo Mchina." Alitaja elfu arobaini na tano, tukaachana kwenye ishirini na tano. Shaba tupu hiyo imeanza kutoka kutu tangu masika yaliyofuata.

Naomba nieleweke. Nilipomwona yule simba, niliyemkumbuka ni Waziri Mkuu wa Uingereza, ambaye mlango wake wa namba 10 Downing Street una kichwa cha simba mweusi wa chuma, nimeuona mara nyingi kwenye taarifa ya habari. Nilifikiria heshima na utulivu wa viongozi. Mtaa wa Msimbazi haukunijia kichwani kabisa.

Nyumbani, mke wangu alifungua gazeti alimofungwa, akamtazama mnyama, akanitazama mimi. "Baba watoto," akasema, "wewe unajua unaishi wapi?"

Kwa msomaji wa mbali, naishi hatua chache kutoka kona ya Twiga na Jangwani, yalipo makao makuu ya Yanga, klabu iliyozaliwa mwaka 1935. Watani wetu wa jadi walizaliwa mwaka mmoja baadaye, wakaitwa majina mengi, likiwemo Sunderland, mpaka mwaka 1971 walipojiita Simba. Wao wako Mtaa wa Msimbazi, mwendo wa kwenda kwa miguu bila kutoka jasho. Bonde likifurika na uwanja wetu wa Kaunda ukageuka bwawa, wao ndio wanaotuita vyura. Mimi nina kadi ya Yanga. Marehemu baba alikuwa nayo. Na sasa nilikuwa nimebeba Mnyama kwa shilingi elfu ishirini na tano zangu mwenyewe, nampeleka nikamtundike kwenye mlango wa nyumba ya marehemu.

Kurudisha nilijaribu. Dukani palikuwa na kibandiko: bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Fundi niliyemwita akataja elfu kumi na tano. Nilipomwonyesha kifaa, uso ukamng'aa. Kumbe ni mtu wa Msimbazi. "Mzee, hii nitakufanyia kwa elfu tano. Hii naifanya kwa mapenzi." Umeme ulikuwa umekatika, akatoboa kwa keke ya mkono, taratibu, ulimi nje, kama anatahiri mtoto wa mfalme. Bolti zilikuwa ndefu, zikatokea upande wa ndani na siku ya kwanza tu zikamchania mke wangu kanga. Fundi akarudi bila kuitwa, akazikata ncha, akazipondaponda juu ya nati. "Sasa hapo," akasema, "hatoki mpaka Kiama." Akapiga picha tatu, moja akiwa amemkumbatia.

Ndipo tukaanza kukitumia, yaani ndipo tulipogundua kwamba hakitumiki. Mchana mlango wa nyumba ya Kiswahili hauna kazi ya kufungwa. Uko wazi, pazia ndilo linalolinda. Na mlango wetu unafungukia ndani, kwa hiyo kutwa nzima simba wangu alikuwa ndani, akiutazama ukuta wa pili wa ukumbi kama mtoto aliyechelewa shule, nati zake zikichimba plasta nyuma yake. Usiku tunaufunga, ni kweli, lakini usiku tunafunga pia grili ya chuma iliyo mbele yake. Mkono wa mtu mzima haupiti kwenye nondo za grili. Shemeji alijaribu. Ulipita kwenda, haukupita kurudi, tukautoa kwa sabuni ya kipande, naye akaenda kuwaambia ndugu kwamba siku hizi natega wadai.

Mkono wa mtoto, lakini, unapita vizuri sana.

Ikawa kila magharibi, tukishafunga mlango kwa ajili ya mbu, watoto wa mtaa wanapanga foleni nje. Jangwani hakuna mtoto atakayeona simba wa kupigwa bure akampita. Ngo! na mbio. Ngo! na mbio. Wazee wenzangu wa kijiweni, ambao mikono yao imeshakataliwa na nondo, wakawa wanawatuma wajukuu. "Nenda kamgonge paka wa babu," niliwasikia kwa masikio yangu. Watu ninaozika nao!

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023. Aliyekuwepo Dar es Salaam siku hiyo hahitaji kuelezwa: uwanja wa Mkapa, Yanga tano, Simba moja. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, kofia ya kijani imepotea, nimekumbatiwa na watu nisiowajua. Nikakaa kwenye kiti changu cha kamba nipumue. Mlangoni ikasikika ngo! ngo! ngo! ngo! ngo!, tano za nguvu, nyumba ikatetemeka. Kimya kidogo. Kisha moja, hafifu, kama inaomba radhi: ngo.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mara ya pili nilicheka pia. Lakini ilipofika saa sita usiku, foleni ikiwa imeshafika kwa muuza mihogo na watu wazima wakiwanyanyua watoto mabegani kwa zamu, nilitoka na fulana ya ndani nikasema mimi pia ni Yanga, jamani, mimi pia ni Yanga. Nikapigiwa makofi, wakaendelea.

Kumtoa tumeshindwa. Fundi wa pili aliziangalia zile nati, akatikisa kichwa kwa heshima, akasema aliyefanya kazi hii alidhamiria. Pete ndiyo iliyoondoka, alfajiri moja, bila shaka kwenye mizani ya chuma chakavu. Mnyama kabaki mdomo wazi, hana cha kung'ata. Watoto walisononeka siku mbili, wakahamia kwenye kugonga geti la jirani.

Wiki iliyopita nilimsikia mke wangu akiagiza gesi kwa simu. Miaka hamsini nyumba hii imejulikana kwa jina la baba yangu. "Ukifika Jangwani," alisema bila hata kushusha sauti, "uliza kwa Simba. Mtu yeyote atakuonyesha."

Kijana wa gesi hakupotea. Nilimsikia anatua mtungi kibarazani, akakaa kidogo, nadhani alikuwa anamtazama yule kiumbe asiye na pete, kisha akapaza sauti, "Hodi!"

Sauti tano zikaitikia kutoka vyumbani, "Karibu!" Na moja, hafifu, kutoka uani. Hiyo ilikuwa yangu.